Kompyuta Iliyogoma Kuamka

Kompyuta yangu iligoma kuamka wiki ileile niliyomkimbia mume wangu, na mimi, pamoja na akili zote ninazojisifia, nikadhani hiyo ni mikosi miwili tofauti.

Ukiibonyeza, ilikuwa inawaka vizuri tu. Feni inavuma, nembo inatokea, vile vidoa vyeupe vinaanza kuzunguka chini ya nembo, halafu vinasimama. Basi. Unaweza kuinjika maharage yakaiva, vidoa haviendi mbele wala havirudi nyuma. Kuizima ilibidi ushikilie kitufe kwa nguvu, kama unamziba mtu pumzi, mpaka ikate. Ukiiwasha tena, mchezo uleule.

Mimi ni mchora ramani za nyumba. Kila nilichowahi kuchora kilikuwa ndani ya ile mashine, na bila hiyo sina mkono. Ndiyo maana siku ya kuondoka nilimbeba mtoto, nikaibeba na hiyo maiti yangu, na nguo zilizokuwa zimetoka kuanuliwa. Vingine vyote nilimwachia mwenyewe.

Niseme mapema nilikuwa nakimbia nini, maana watu wanapenda kuuliza, "Kwani alikuwa anakupiga?" Mume wangu, Baba Kasuku, hajawahi hata kunipandishia sauti. Mwanaume anayepayuka majirani wanamsikia. Wangu alikuwa ananong'ona. Mara ya mwisho aliniwekea mkono shingoni, akaninong'oneza kwamba nikitaka kuondoka niondoke, ila mtoto atabaki, na mimi sitaonekana tena na mtu yeyote. Alisema kwa upole, kama anayeniagiza sukari dukani. Nilimwamini. Alipokwenda safari ya kikazi, maana yeye ni mtu wa mitambo ya simu na husafiri mara kwa mara, niliondoka.

Nilikwenda kwa kaka yangu. Kaka yangu huyu kila mtu anamwita Fundi, hata mimi. Alikuwa amehamia mji mwingine baada ya kugombana na mwenye nyumba wake, na duka lake jipya Baba Kasuku hakulijua. Laini ya simu nilishaivunja. Picha hatukupiga, ndugu wengine hatukuwaambia. Mume wangu alimpigia Fundi kumwulizia habari zangu, kwa heshima zote, na Fundi akamwambia hajanitia machoni tangu mwaka jana.

"Na wewe siku hizi uko wapi, shemeji?" mume wangu akamwuliza.

"Nipo nipo tu, nazunguka," Fundi akajibu, kisha akakata simu na kuifuta kwenye suruali.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chembamba, mbele kuna mlango wa chuma wa kuvuta, nyuma kuna kimlango kinachotokea uani kwenye choo. Ukutani nyaya zimening'inia, kwenye meza kuna mitungi ya jemu iliyojaa skrubu, na kuna kiti kimoja cha mteja kilichofungwa kamba mguuni. Fundi ni mtu mwembamba, mpole, na mbishi kupita kiasi akishika bisibisi. Anazo sheria zake. Hafanyi kazi mteja akiwa amesimama. Hataki mtu aite mashine "hii takataka." Na mashine ikipona, hamrudishii mwenyewe papo hapo. Lazima ailaze.

Kulaza maana yake ni kuiacha pale dukani imewashwa, imeunganishwa na mtandao, tangu leo mpaka kesho, kama mgonjwa anayetolewa wodini akawekwa kwanza chini ya uangalizi. "Mashine inaweza kupona mbele yangu ikafia kwako," huwa anasema. "Halafu jina linaloharibika ni langu." Wateja wanalalamika, wengine wanamtolea maneno, yeye anawamiminia chai.

Siku aliyoishika yangu, nilikaa kwenye kile kiti cha kamba nikimwangalia. Mtoto alikuwa chini ya meza anachora. Tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake hauna breki. Chochote utakachosema jikoni, mgeni atakisikia sebuleni.

Fundi alianza na mambo ya kawaida. Akachomoa vipande vya kumbukumbu, akavifuta, akavirudisha. Ikaganda. Akaweka diski nyingine. Ile nyingine ikaamka bila shida. Akarudisha yangu, ikaganda palepale.

"Mwili mzima," akasema. "Ugonjwa uko kichwani."

Akaiamsha kwa ile njia ya tahadhari, ambayo mashine inaamka na vitu vichache tu vya lazima, vingine vyote vimefungiwa nje. Ikaamka. Nilitaka kulia niliposikia ile sauti ya kukaribishwa. Lakini ukiizima na kuiwasha kawaida, vidoa vinasimama vilevile.

"Umeiwekea kitu kipya hivi karibuni?"

"Mimi? Hapana. Baba Kasuku aliisafisha kabla hajasafiri. Alisema imekuwa nzito."

"Aliisafisha," Fundi akarudia, huku anafungua ukurasa wa vifaa. Nami sikuongeza neno, na leo nikilikumbuka hilo natamani kujizaba kofi.

Akaanza kuvizima vifaa kimojakimoja. Akazima spika, akaiwasha mashine: imeganda. Akazima kadi ya mtandao: imeganda. Akazima kamera, ile ndogo iliyo juu ya kioo: vidoa vikazunguka, vikazunguka, na kioo kikafunguka na picha yangu ya nyumba ya ghorofa moja ikatokea.

"Nimekukamata," Fundi akasema.

Akanieleza, maana hawezi kutengeneza bila kuhubiri. Kila kifaa ndani ya kompyuta kina draiva yake, yaani programu ndogo inayoiambia mashine jinsi ya kusema na kifaa hicho. Kamera yangu ilikuwa na mbili. Mashine ikiamka, draiva ya kwanza inaishika kamera, ya pili nayo inaishika, kila moja inangoja mwenzake aachie, na mashine yote inasimama kuwasubiri. Wapishi wawili wanavuta sufuria moja, na nyumba nzima haili.

"Basi iache kamera ikiwa imezimwa," nikasema. "Mimi nachora, sipigi picha. Nipe mashine yangu."

Akanitazama kama nimemtukana.

"Mashine haitoki hapa ina jicho moja bovu, Rula." Rula ni jina alilonipa tangu tuko wadogo, kwa sababu ya kupenda kwangu mistari iliyonyooka. "Kesho utawaambia watu, kaka yangu alinitengenezea nusu."

"Nitamwambia nani? Nimejificha."

"Siku utakayoacha kujificha."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu, na ilinipendeza kuona kuna mtu anayeamini hiyo siku ipo. Nikamwacha afanye.

Kuhusu draiva mbili zinazogombana, mafundi wote wana sheria moja: tazama tarehe, ya zamani itoke, mpya ibaki. Fundi akazitazama. Ya zamani ilikuwa imekuja na mashine. Mpya ilikuwa na tarehe ya juzijuzi na jina refu la kuheshimika, jina la kampuni ya kamera, kila herufi mahali pake. Akaifuta ya zamani. Akairudishia kamera uhai, akaiwasha mashine, na ikaamka haraka kuliko ilivyowahi kuamka tangu niinunue.

"Imepona," akasema, akavinyoosha vidole vyake. "Sasa inalazwa. Nendeni nyumbani mkapike."

Akaiunganisha na mtandao wa duka, akaigeuzia upande wa meza anapofanyia kazi, nasi tukaondoka. Usiku ule nililala usingizi wa mtoto mchanga.

Kesho yake tulikwenda kuichukua. Jua lilikuwa linawaka, barabara imejaa watu, na Kasuku njia nzima alikuwa anaimba wimbo alioutunga kuhusu ndala zake. Fundi alikuwa amefungua redio yenye betri mbovu, anachomelea kitu.

"Mgonjwa wako amelala vizuri," akaniambia bila kuinua kichwa. "Hata kukohoa hajakohoa."

Nikaigeuza mashine inielekee. Nikafungua ramani moja, nikafungua nyingine. Kila kitu kilikuwepo. Kasuku akapanda kwenye kiti cha kamba, akaegemea bega langu, akatazama kioo. Kisha akatabasamu, akainua mkono, akapunga.

"Unampungia nani?" nikamwuliza.

"Baba."

Nilidhani anacheza. Nikatazama anapotazama. Juu ya kioo, pembeni ya kamera, kijitaa cha kijani kilikuwa kimewaka.

"Kasuku. Baba yuko wapi?"

"Taa yake hiyo," akasema, kama vile mjinga ni mimi. "Baba alinionyesha siku ile anasafisha. Alisema ikiwaka, yeye ananiona. Nisikwambie, ni mchezo wetu."

Mtoto huyu, ambaye hajawahi kufunga mdomo kwa siri ya nani aliyekula sukari, alikuwa ameifunga hii. Nikamvuta kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Fundi aliinua kichwa, akaangalia mtoto, akaangalia mimi, akaangalia taa. Akaacha chuma cha kuchomelea mezani kikiwa cha moto. Akanyoosha mkono kutokea upande, akaibonyeza ile kamera kwa dole gumba.

"Kwa hiyo ile draiva..." nikaanza.

Akatikisa kichwa. Akaweka kidole cha mkono mwingine sikioni, kisha akaonyesha mashine. Kamera aliiziba, maikrofoni je?

Tulikaa hivyo, yeye dole gumba juu ya kioo, mimi nimemkumbatia mtoto na kumziba mdomo kwa kiganja. Niliona usoni mwake anavyojumlisha. Draiva mpya haikuwa draiva. Ilikuwa dirisha ambalo mume wangu alilikata kwenye nyumba yangu kabla hajasafiri, na lilikuwa limekwama kufunguka kwa sababu ile ya zamani, ya halali, ilikuwa imeling'ang'ania. Muda wote tuliokuwa tunailaani mashine kwa kuganda, kuganda kwake ndiko kulikotuficha. Na tangu jana ilikuwa hewani, kwenye mtandao wa duka, imetazama duka.

Simu ya Fundi ikaita. Akaisoma, akanigeuzia. Sikuhitaji kuisoma. Akaiweka kwenye spika.

"Shemeji, salama?"

"Salama," Fundi akasema.

"Pole na kazi. Ondoa tu kidole, unakichafua kioo." Sauti ilikuwa ileile, ya chini, ya mtu anayezungumza kitandani. "Jana nilikuangalia kidogo unavyofunga zile skrubu. Una mkono mzuri. Mimi niliharakisha, unajua, nilikuwa na safari. Niliweka kitu changu bila kuondoa kile cha mwanzo, vikagongana, mashine ikaganda. Nikawa kipofu. Nikasema basi, hawa nimewapoteza."

Fundi akakaza dole gumba juu ya kamera.

"Halafu nikakumbuka ana kaka fundi. Na kaka yake hawezi kuiacha mashine ya dada yake ife. Nikatulia. Nilijua utaitengeneza, na nilijua utaondoa ya zamani, maana hata mimi ningeondoa ya zamani. Nilikuwa nakusubiri wewe tu, shemeji. Umenisaidia sana."

Nilimwona kaka yangu siku tulipomzika baba, na uso wake haukuwa hivi.

"Uko wapi?" akauliza.

"Karibu. Mtandao wa duka lako ulinionyesha mji, nikaanza safari jana ileile. Kuna jamaa hapa anauza matairi, nimemwuliza duka la fundi kompyuta, amenionyesha kwa kidole. Mwambie mwenzangu asihangaike kufungasha. Nimekuja kumchukua mtoto, na yeye nina neno naye."

Simu ikakatika.

Muuza matairi yuko mwisho wa barabara yetu, pale inapokutana na barabara kubwa. Mtu akitembea polepole, akisimama kusalimiana, bado atafika kabla chai haijapoa. Mbele hatukuweza kutokea. Nilitaka kusema tufunge mlango wa chuma, tupige kelele, tuite watu. Kisha nikafikiria huyo mume mpole akiwaeleza watu, kwa sauti ile, kwamba mke wake amechanganyikiwa na ameiba mtoto, na mimi nikiwa napiga kelele. Nilijua watamwamini nani.

Fundi alifikiri haraka kuliko mimi. Kwa mkono mmoja akaninyooshea kimlango cha nyuma. Kisha akanyoosha mkono huohuo, akanivua mtandio kichwani, taratibu, kama anayeninyang'anya mtoto aliyelala. Akakiinua kiti cha kamba kwa mguu, akautundika mtandio kwenye egemeo, akakisogeza pembeni mpaka kona yake tu ndiyo ingeonekana kwenye kamera. Mtu anayetazama angeona bega la mwanamke aliyekaa.

Nikatikisa kichwa. Nikamshika mkono, nikamvuta. Twende wote. Hakusogea. Alinitazama kwa yale macho ya jana, ya mtu ambaye mashine haitoki kwake ikiwa nusu, nikajua sitaweza kumbishia, na muda wa kumbishia sina. Nilimbusu kiganja. Kilinuka risasi ya kuchomelea.

Nikambeba Kasuku mgongoni, nikamwambia sikioni kwamba sasa ni mchezo wetu sisi, wa kukaa kimya kabisa. Akakubali kwa kichwa. Amezoea michezo ya kukaa kimya. Sikujua amezoea kiasi hicho. Mashine niliiacha, na ramani zangu zote ndani yake.

Nilipofika kwenye kimlango niligeuka. Fundi alikuwa ameondoa dole gumba kwenye kamera. Alikuwa amekaa, amekielekea kile kiti kitupu, na anazungumza nacho.

"Usilie, Rula," alikuwa anasema, kwa sauti ya kusikika vizuri. "Hakuna haja ya kukimbia. Ni mumeo, atakuja tutaongea kama watu wazima. Kunywa chai." Akamimina kikombe, akakisukuma mezani kuelekea kwenye mtandio. "Na wewe Kasuku, shuka hapo chini, usichezee nyaya za mjomba."

Kijitaa kiliendelea kuwaka.

Uani kulikuwa na choo, ndoo, na ukuta mrefu wenye kijia kinachopita nyuma ya maduka mengine mpaka barabara ya pili. Nilitembea, sikukimbia, nikiogopa sauti ya viatu vyangu. Kupitia kwenye tofali zenye matundu niliendelea kumsikia kaka yangu. Aliniuliza swali, akanyamaza muda wa mtu kujibu, akasema, "Ndiyo, naelewa." Akaniuliza jingine. Akacheka kidogo, akasema mimi nilikuwa hivyohivyo tangu utotoni. Alikuwa mbaya sana kwa uongo, kaka yangu, maisha yake yote. Ukimpa siri anaanza kujikuna masikio. Siku ile hakukosea hata neno moja.

"Mama," Kasuku akaninong'oneza, "mjomba anaongea na nani?"

"Na sisi," nikamwambia.

Hatukuwa tumefika mwisho wa ukuta niliposikia mlango wa chuma ukigongwa, taratibu, kwa adabu. Kiti kikasogezwa. Kisha nikaisikia sauti ya kaka yangu, ile anayowapokelea wateja.

"Karibu, shemeji. Keti, keti. Wameenda uani mara moja, wanarudi sasa hivi."

Halafu nikasikia mlango wa chuma ukivutwa mpaka chini, na kufuli ikifungwa kwa ndani. Sikujua ni nani kati yao aliyeifunga. Hapo ndipo nilipokimbia.